Barua kwa Mama: Nilichoshinda si Kamari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Ama baada ya salamu, mimi huku Pennsylvania ni mzima wa afya, na wasiwasi wangu ni juu yenu nyote hapo Pangani, hasa juu ya goti lako na paa la uani, ambalo Mwanaidi ameniandikia kwamba sasa linavuja hata kwa manyunyu. Kazi ya usiku ghalani inaendelea kama kawaida.

Kilichonikosesha usingizi ni habari aliyoieneza Mjomba barazani, kwamba nimeshinda maelfu ya dola katika kamari ya dadu na kwamba nimezificha nisije nikanunua mabati. Mama, ulinilea nisiiguse kamari, na sijaigusa. Nilichoshinda ni mashindano ya mchezo wa mezani uitwao Commands & Colors: Napoleonics, alioubuni Richard Borg na uliotolewa mwaka 2010, ambao wachezaji wake huongoza majeshi ya zama za Napoleon, mtawala wa Ufaransa, kwa vipande vya mbao. Hakuna aliyeweka senti mezani, na mshindi hupewa kibao cha ukumbusho, basi.

Dadu zipo, sikatai, lakini hazina nukta. Zimechorwa askari wa miguu, farasi, mzinga, bendera na panga, na kazi yake ni kuonyesha ni nani aliyepigwa na ni nani anayerudi nyuma. Akili yote imo katika karata, kwa kuwa uwanja umegawanywa kushoto, kati na kulia, na usipokuwa na karata ya upande fulani huwezi kukiamuru kikosi cha huko hata kikiteketea mbele ya macho yako. Tena katika mashindano yetu kila wawili walicheza pigano lilelile mara mbili kwa kubadilishana majeshi, kisha bendera za ushindi, ambazo ndizo alama za mchezo huu, zikajumlishwa, ili mtu asije akadai kwamba mwenzake alipewa jeshi lenye nguvu zaidi.

Fainali ilikuwa Waterloo, vita vya tarehe 18 Juni 1815. Mara ya kwanza nilishika Wafaransa, ambao ubora wao ni kupigana ana kwa ana, lakini nilisogea polepole mno mbele ya Waingereza, ambao wakisimama bila kusogea hufyatua kwa dadu moja ya ziada, nikashindwa kwa bendera mbili. Mara ya pili nilishika Waingereza. Mpinzani wangu, mzee aliyeucheza mchezo huu miaka mingi kuliko mimi, alileta farasi wake wote katikati. Kikosi cha miguu kikivamiwa na farasi kinaweza kujipanga mraba, bunduki zikaelekea pande zote nne, na hapo farasi hurusha dadu moja tu. Lakini mraba una gharama yake: mpinzani huchomoa karata moja mkononi mwako bila kuiona, na huipati tena mpaka mraba uvunjwe. Nilijipanga miraba miwili, nikapoteza karata mbili, na waliokuwa wakitazama wakadhani nimekwisha. Mimi nilikuwa nimeona kwamba askari wake wa miguu wamebaki mbali, na ndilo kosa la Jemadari Ney wa Wafaransa siku ile ya Waterloo, alipowatuma farasi kwa maelfu juu ya miraba ya Wellington, jemadari wa Waingereza, bila askari wa miguu wa kutosha nyuma yao. Nilivumilia hadi farasi wale wakapungua, nikawapiga, nikashinda kwa bendera tatu. Kwa jumla nilimzidi kwa bendera moja, Mama, moja tu, na ukumbi mzima ulisimama kunipigia makofi.

Uvumilivu ule niliupata kwa Baba, chini ya mkungu, nilipomwona akicheza bao, akiacha kete za pembeni ziliwe ili nyumba yake ibaki nzima. Usiku ule nilikaa nje peke yangu na kibao changu mapajani, nikatamani niisikie honi ya pantoni ikitoka Bweni, na nimwone yeye akikigeuzageuza kibao kile mikononi.

Fedha za mabati na misumari nitazituma mwisho wa mwezi huu, kutoka katika mshahara wangu, kwa jina la Mwanaidi. Naomba zisipite mkononi mwa Mjomba, kwani habari ya saruji unaijua. Akitaka radhi yangu, aseme barazani, mbele ya watu walewale, kwamba mwanao hachezi kamari. Na bao la Baba alilolichukua baada ya arubaini alirudishe nyumbani. Mwanaidi azihesabu kete mbele yake, ziwe sitini na nne.

Nisalimie wote.

Mwanao akupendaye