Cherehani ya kukanyaga kwa mtu wa mguu mmoja

Mheshimiwa Mhariri,

Miaka yote nimesoma gazeti lako bila kukuandikia, lakini taarifa yenu kuhusu sherehe ya kuwapa vyeti vijana walemavu wa hapa Goma imenishinda kuinyamazia. Mliandika kwamba waliohitimu ushonaji sasa wanajitegemea. Nani aliwaambia?

Mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, alikatwa mguu wa kulia. Alijifunza kushona miezi sita katika kituo ambacho sitakitaja, na walimu wake, nakiri, walimfundisha vizuri. Siku ya cheti alipewa cherehani na kupigwa picha. Cherehani ya kukanyaga, Mhariri! Akajikaza na mguu uliobaki, huku ule wa bandia ukimchubua kwa kuwa kigutu kilikuwa kimepungua na hapakuwa na wa kuurekebisha. Wakati huo alidaiwa kodi ya miezi mitatu ya chumba cha mbao kule Ndosho. Tulipokwenda kituoni kuomba msaada, tuliambiwa kwamba wao wanahusika na ufundi tu, mambo ya nyumba na matibabu yana ofisi yake. Tulipofika katika ofisi hiyo, tukajibiwa kwamba jina lake tayari limo katika orodha ya waliosaidiwa, yaani kwa ile cherehani. Mwenye nyumba hakuwa na orodha. Aliichukua cherehani ikiwa na uzi wa buluu kwenye sindano.

Kule Bukavu, Hospitali ya Panzi iliyoanzishwa mwaka 1999 na Daktari Mukwege huwapa akina mama waliofanyiwa ukatili wa kingono tiba, ushauri wa kisaikolojia, msaada wa kisheria na njia ya kujipatia riziki kwa pamoja. Sisi tunayo hata sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inayolinda haki za watu wenye ulemavu, lakini njia zetu za mawe ya volkano zinamaliza mpira wa ncha za magongo ya kutembelea kabla mtu hajapata mteja wa pili, na magari ya wageni wa sherehe yanatupita yakitutimulia vumbi.

Napendekeza kwamba atakayekata utepe safari ijayo atoke Ndosho hadi Birere kwa magongo, cherehani ikimfuata juu ya chukudu, ule mkokoteni wetu wa mbao wa magurudumu mawili, kwa gharama yake, ndipo apewe kipaza sauti.

Uzi ule ulikuwa wa sketi ya shule ya binti wa jirani. Upande mmoja haujapigwa pindo, na mama yake anaidai kwangu.

Msomaji wako,
Ndosho, Goma