Maeneo ya wazi Iringa yawekewe mipaka

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako. Ukipanda mwamba wa Gangilonga jioni unauona mji wa Iringa umetandazwa chini yako, lakini mapaa ya bati yanazidi kupanda vilimani mwaka hadi mwaka. Sina ugomvi na anayejenga. Watu wanahitaji nyumba. Ninacholalamikia ni viwanja vya wazi vilivyomo kwenye ramani ya mipango miji, ila ukifika mtaani unakuta msingi, tofali na fundi anayekujibu, “Kibali kipo.” Kibali cha nani?

Bondeni kwenye Mto Ruaha Mdogo nako, Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Mwananchi atazijuaje hizo mita bila alama?

Naiomba manispaa iweke vigingi vya zege na mabango, na ramani zibandikwe ofisi za serikali za mitaa ili mtu asome kabla ya kuuziwa. Wakipanda miti huko bondeni, tafadhali isiwe mikaratusi. Inakunywa maji mno.

Mkazi wa Kihesa,
Iringa