Msasa usitangulie picha kwenye milango ya Lamu

Mhariri,

Maduka ya Usita wa Mui, barabara kuu ya Mji wa Kale wa Lamu, yanapakwa rangi mpya, na milango ya zamani nayo inapigwa msasa na vanishi. Hatupingi ukarabati. Tunachoomba ni maandishi ya kizingiti cha juu yasomwe na kupigwa picha kwanza, maana tarehe kwa kawaida huchongwa juujuu, na msasa wa mashine hauchelewi kuisawazisha na ubao.

Kazi yenyewe ni ndogo. Futa vumbi kwa brashi laini, kavu. Usitie maji, wala usisugue chaki au unga ili herufi zionekane: huingia kwenye nyufa za mbao na kutoka ni taabu. Ngoja baada ya Magharibi, zima taa ya barazani, kisha shika tochi ubavuni, karibu ilale na ubao, na mwenzako apige picha akiwa amekielekea kizingiti. Rudia mwanga ukitokea upande wa pili. Kivuli ndicho kinachotoa herufi. Flashi ya simu humulika mbele moja kwa moja na kukiua. Weka futi ndani ya picha, na moja iwe ya mlango mzima, miimo ya pembeni na mfaa, ule ubao wa katikati, vyote vionekane.

Tarehe ndiyo inayokosewa zaidi. Maneno ya Kiarabu husomwa kulia kwenda kushoto, lakini tarakimu zake kushoto kwenda kulia. Sufuri ni nukta tu. Rangi ya mafuta ikiiziba, ١٣١٠ inabaki 131. ٢ na ٣ hutofautiana kwa jino moja. Halafu, katika kuigeuza tarehe ya Hijria kuwa ya Miladi, wapo wanaojumlisha 622 basi, na 1310 inageuka 1932! Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, kwa hiyo zidisha kwanza kwa 0.97, ndipo ujumlishe 622. Utapata 1892 na ushei.

Hata hivyo, hiyo ni tarehe ya mlango, si ya nyumba. Milango huuzwa na kuhamishwa. Tazama kama ncha za kizingiti zimekatwa msumeno, na kama fremu imezungushiwa saruji katika ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa. Ikiwa hivyo, imeguswa karibuni.

Mabao ya majina ya maduka nayo yana dalili zake za umri. Yenye namba ya simu inayoanza na 0121 ni ya kabla ya Lamu kuhamia 042.

Posta ya Wajerumani hapa Lamu ilifanya kazi tangu 1888 hadi 1891 tu, na leo ina makumbusho yake. Vizingiti vilivyokaa mlangoni zaidi ya karne navyo vinastahili angalau faili. Mji wa Kale umo kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001. Basi wanaotoa vibali vya ukarabati waongeze sharti moja kwenye fomu: picha za kizingiti kabla ya msasa, nakala ibaki Makumbusho ya Lamu.

Wasomaji wako,
Mkomani, Lamu