Ufa haupakwi saruji, Mhariri

Mhariri, assalaam alaykum. Naomba kanafasi kadogo kwenye gazeti lako maana hili jambo limenikaa rohoni tangu masika, na nikilisema barazani wananicheka eti bibi huyu siku hizi kawa muashi.

Nyumba yetu iko huku Mji Mkongwe, Unguja, ya bibi mzaa mama, mawe ya matumbawe kwa chokaa na udongo mwekundu, kuta nene mpaka uingize mkono dirishani upite kiwiko ndo vidole vione jua. Warithi tuko kumi na moja, wengine Maskati, wengine Dar, mmoja London, na kila mtu ana rai yake kwenye grupu la watsapu ila pesa za fundi tunatoa sie tunaolala humo.

Ufa ulianza pembeni mwa ukumbi juu ya mlango, mwembamba kama uzi, tukaudharau. Mwaka wa pili unaingia sarafu. Tukaita kontrakta mmoja, kijana ana pikapu na helmeti, akautazama dakika tano akasema aa mama hii lipu tu imechoka, akachokoa chokoa, akashindilia saruji, akapiga lipu ya saruji ukuta mzima kuanzia chini mpaka kiunoni, na rangi juu, laki nane zikaondoka. Ilipendeza wallahi, na picha tukawatumia wa Maskati. Haikufika miezi sita lipu imevimba, ukiigonga inalia debe tupu, chini kunatoka unga mweupe ule wa chumvi, na ufa umerudi palepale ila safari hii kaja na mwenziwe.

Ndo nikamtafuta mzee mmoja fundi wa chokaa. Sasa huyu ufa hata hakuutazama, alitoka nje, akatazama paa, akauliza bomba linapita wapi, karo la jirani liko wapi, mchirizi huu unamwaga wapi. Mie nikajiona nimeleta mpelelezi. Halafu akachukua kipande cha kioo chembamba, akakigandisha kwa jasi kukatiza ufa, huku na huku, akaandika tarehe ukutani kwa penseli. Kioo kikivunjika, anasema, nyumba bado inatembea. Kilivunjika wiki ya pili usiku wa mvua, tak, nilikisikia niko kitandani.

Tukachimba pembeni pale. Kimo cha goti tu udongo umeshakuwa uji. Bomba la zamani linavuja kwenye maungio, sijui miaka mingapi, na mchirizi wa paa nao unateremsha maji hapohapo. Mawe ya msingi yapo ila chokaa baina yake imeshaliwa yote, nikatia vidole vyangu mwenyewe vikapita, na mchanga wa chini umeondoka na maji ukaacha pango. Yaani pembe nzima ya nyumba ilikuwa imeninginia na kilichokuwa kinaizuia ni Mungu.

Na ile saruji ndo imezidisha balaa. Jiwe la matumbawe lina vitundu, linanyonya maji kama sponji, na chokaa inayaachia yatoke polepole. Ukiliziba kwa saruji maji hayana pa kutokea, yanapanda tu juu mpaka yanafika kwenye vichwa vya boriti vilivyozama ndani ya ukuta, na boriti inaoza mule huioni, siku utakayoiona ndo dari liko mezani.

Sasa hapa Mhariri ndo nataka nipige kelele. Yule kontrakta aliposikia ni msingi alirudi mbio anataka afungue mtaro ukuta mzima siku moja, amwage zege, tumalize. Mzee akakataa katakata, akasema ukiuchimba ukuta wote chini kwa pamoja umeshauvunja. Kwanza tukaziba bomba na kugeuza mchirizi, tukaacha pakauke msimu mzima wa kaskazi, tukashikiza boriti za juu kwa nguzo za mti, halafu ndo kuchimba chini ya msingi kipande kipande, hakizidi mita moja, kujenga kwa mawe na chokaa, kuacha kishike, na kipande kinachofuata si cha jirani yake, unaruka kule. Inachosha, inachukua miezi, na grupu la watsapu linauliza kila Ijumaa mbona hamjamaliza. Kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe nilichukua kabla hatujagusa jiwe, nalisema hilo maana najua nitaulizwa.

Tumesahau upesi. Beit el Ajaib, lile jumba la masultani, ilisimama tangu 1883, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya upande wa mbele ikashuka huku matengenezo yanaendelea, watu wawili wakafariki. Sisemi sababu yake ndo hii ya kwangu, mie si injinia, nasema jumba lile lililindwa na kila mtu na bado lilianguka, sasa hizi zetu za vichochoroni ambazo kila mwenye mwiko anajifunzia kazi itakuwaje? Nikipita Shangani mpaka Malindi naona lipu mpya za saruji kila mahali, chini zimeshaanza kubabuka, na mwenyewe kakaa barazani anakunywa kahawa.

Chetu kioo cha pili kimepita masika yote hakijavunjika. Ufa wenyewe bado upo wazi, mzee hataki uzibwe mpaka mwakani, wageni wakija nawaonyesha na tarehe yake ya penseli.

Shida niliyobaki nayo ni chokaa. Ya mifuko ninayoletewa ni mbichi, fundi anaikunja pua, anataka ile iliyolala shimoni miezi mpaka imekuwa laini kama siagi. Kama kuna msomaji Unguja au Pemba anayo au anamjua anayechoma na kuilaza, tafadhali aandike hapahapa gazetini, nusu ya ukuta wa nyuma bado.

Msomaji wako,
Mji Mkongwe, Unguja