Risala ya Mradi wa Matumizi Endelevu na Salama ya Teknolojia kwa Mgeni Rasmi, Moshi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani wa kata yetu,
Ndugu Mwenyekiti wa Bodi ya Shule,
Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wageni waalikwa,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima. Pili tunakushukuru wewe, Mheshimiwa, kwa kuitikia mwaliko wetu. Tunajua majukumu uliyonayo, na tunajua barabara ya kutoka kwenye lami hadi hapa ilivyo. Hiyo tutaisemea siku nyingine.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mradi huu ulianza mwaka 2022 na unaiunganisha shule yetu na shule mbili za nje, moja ya Ujerumani na moja ya Finland. Tulianza wanafunzi 12 na mwalimu mmoja. Leo tuko 64 na walimu wawili. Historia ndiyo hiyo.

Mafanikio ni makubwa. Idadi ya kompyuta zilizofufuliwa na wanafunzi wenyewe imeongezeka kwa asilimia 200, kutoka 1 hadi 3. Tumekusanya ndoo tano za betri chakavu za tochi na redio, ambazo zamani zilitupwa kwenye mashimo ya migomba au kwenye mfereji ambao jirani wa chini anachota maji. Tumewaelimisha wazazi kuhusu ujumbe wa matapeli wa “ile hela tuma kwenye namba hii”, na bibi mmoja wa kitongoji cha juu sasa anauripoti mwenyewe kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli, bila kumsubiri mjukuu. Tumesoma pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Baada ya kuzisoma tuliomba, kwa heshima zote, orodha ya wazazi wanaodaiwa mchango wa chakula iondolewe kwenye kundi la WhatsApp. Iliondolewa. Mhasibu bado hajatusamehe.

Wenzetu wa nje tunakutana nao kwa njia ya video. Wakati wa baridi yao, saa nane mchana ya kwetu ni saa sita ya Wajerumani. Tumejifunza pamoja kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo hazikufika hata robo. Wao walitueleza kuwa tangu tarehe 28 Desemba 2024 simu mpya zinazouzwa katika Umoja wa Ulaya sharti zichajiwe kwa USB-C, yaani tundu la aina moja, ili watu wasirundike chaja majumbani. Sisi tuliwaonyesha fundi simu wa karibu na stendi, na simu ambayo imekufa mara tatu na bado inapokea miamala. Walinyamaza kidogo, halafu wakauliza kama fundi huyo ana chuo.

Siku hiyohiyo waliuliza na swali jingine: mbona nyuma yenu kuna magunia?

Hapo, Mheshimiwa, ndipo tunapofika kwenye jambo lililotufanya tuandike risala hii.

Mradi wetu unaishi kwenye stoo ya chakula. Kompyuta tatu ziko kwenye meza moja, mahindi kulia, maharage kushoto. Vumbi la mahindi linaingia kwenye feni, feni inakwama, kompyuta inachemka na kuzima. Panya wamekata nyaya mara tatu mwaka huu. Dawa ya panya hatuwezi kuweka, kwa kuwa ni chakula cha wanafunzi. Tulileta paka, paka analala juu ya kompyuta kwa sababu ina joto. Kompyuta moja kati ya hizo tatu tumeshaifufua mara mbili. Yaani mradi wa kupunguza taka za kielektroniki unatengeneza taka za kielektroniki, na wenzetu wa nje wanatuangalia.

Zile ndoo tano za betri nazo hazina kwao. Hatuwezi kuziweka stoo pamoja na chakula, kwa hiyo ziko kwenye veranda ya ofisi ya Mkuu wa Shule. Betri zimeanza kuvuja. Mkuu wa Shule ni mvumilivu, lakini naye ana mapafu.

Si kwamba hatukujishughulisha. Mwaka 2020, kabla hata ya mradi kuanza, wazazi walichanga tofali kumi kila kaya, akina mama wakapika ndizi za mafundi, na boma la chumba cha kompyuta pamoja na chumba kidogo cha kuhifadhia taka hatari likafika usawa wa lenta. Hapo likasimama. Novemba 2021 mgeni rasmi wa mahafali, mbele ya umati huu huu, aliahidi mabati yote “kabla ya masika”. Tulipiga makofi. Hatukumuuliza ni masika ya mwaka gani, na hilo ni kosa letu. Mwaka 2023 mgeni mwingine alituma kijana mwenye futi. Akapima, akaandika, akanywa soda, akaondoka. Mwaka 2024 wa tatu alituachia namba ya simu na kusema tumpigie Jumatatu. Tumepiga Jumatatu nyingi. Namba haipatikani. Majina tunayahifadhi, maana wote ni watu wazuri na picha zao zipo ofisini.

Katikati yupo pia mfadhili aliyeguswa na kilio chetu akatuletea kompyuta kumi na nne zilizotumika. Tunamshukuru sana. Kumi na moja hazikuwaka siku ya kwanza, wala siku nyingine yoyote. Hatusemi kwamba msaada ule ulikuwa taka. Tunasema tu kwamba Mkataba wa Bamako wa mwaka 1991 unakataza kuingiza taka hatari barani Afrika, na kwamba skrini za zamani zenye mgongo mkubwa zina madini ya risasi ndani ya kioo. Nazo ziko stoo.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kompyuta hatuombi. Ukituletea kompyuta leo tutaziweka juu ya maharage. Tunaomba paa: mabati 56 ya mita tatu, geji 28, mbao za kenchi, saruji ya sakafu, hasa ya kile chumba cha taka, milango miwili na grili za madirisha. Makisio ya fundi yameambatanishwa, yana sahihi ya mhandisi, na bei ni za mwezi huu. Kazi ya kupaua wazazi watajitolea, wameshaandikishana. Tukipata mabati bila saruji, tutashukuru na kuanza na mabati. Tukipata ahadi bila tarehe, tunaomba radhi, hatutaweza kupiga makofi kama ya 2021.

Jambo hili lina haraka kwa sababu wenzetu wa Ujerumani wameomba kuja kututembelea Julai. Shule yetu wanaijua kwa upande mmoja tu, upande ambao kamera inaangalia, na siku hizi tunatundika khanga mbele ya magunia. Ni khanga ya mwalimu wa mradi. Ameanza kuidai.

Mheshimiwa, papai lililopo mezani kwako limetoka kwenye mpapai ulioota katikati ya boma, mahali palipochorwa meza ya mwalimu wa kompyuta. Huu ni msimu wake wa pili wa kuzaa. Tunakukaribisha ulionje, na baada ya hapo utembezwe boma lenyewe, ni hatua chache nyuma ya jukwaa. Kitabu cha ahadi kiko mkono wako wa kulia. Safari hii tumekipigia mstari wa safu ya tarehe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.