Mdogo wangu, usiache mkate bado

Mdogo wangu mpendwa,

Juzi ulinipigia simu saa tano usiku. Ulikuwa unaongea kwa sauti ya chini, nikajua uko chooni, maana na mimi nimewahi kukaa humo usiku kucha nikitafuta wa kuongea naye. Ukaniambia umeacha maziwa, maharagwe, vitunguu na mayai, umeacha matunda yote yenye uchachu, na sasa unataka kuacha ngano. Nikakuuliza, "Kwa hiyo leo umekula nini?" Ukakaa kimya kidogo, ukasema, "Wali na chumvi, dada."

Usingizi haukunijia tena. Nimekuomba ruhusa niiandike barua hii hadharani bila kutaja jina lako, kwa sababu najua si wewe peke yako. Wapo wengi ambao kila wiki wanaondoa kitu kimoja zaidi kwenye sahani, na hawana wa kumwambia. Magonjwa ya tumbo yana aibu yake. Mtu atakueleza kichwa kinavyomuuma mbele ya kadamnasi, lakini habari za choo chake atazificha hata kwa mwenzake wa ndani.

Nianze na ngano, kwa sababu hiyo ndiyo ya haraka. Usiiache. Alhamisi una kipimo cha damu cha ugonjwa wa seliaki. Huo ni ugonjwa ambao kinga ya mwili inaushambulia utumbo mwembamba kila mtu anapokula gluteni, ile protini ya ngano, shayiri na jamaa zake. Kipimo kinatafuta kingamwili, na kingamwili hizo zinaonekana vizuri pale tu gluteni inapoendelea kuingia mwilini. Ukiacha mkate zinashuka. Majibu yanatoka safi, unaambiwa huna kitu, kumbe unacho.

Kosa hilo mimi nilishalifanya. Nilijiachisha ngano miezi minane kwa uamuzi wangu mwenyewe, nikapata nafuu kiasi, nikajiona nimeshapona. Nilipofika kwa daktari akaniambia kipimo hakitasema ukweli mpaka nirudi kula vyakula vyenye gluteni kila siku, zaidi ya mlo mmoja kwa siku, kwa wiki 6. Nilikula ngano wiki zile zote tumbo likiniuma, nahesabu siku moja moja. Majibu yakaja: sina seliaki. Nilikaa kwenye ngazi za zahanati nikalia, na sijui hadi leo kama nililia kwa furaha au kwa uchungu wa ile miezi minane.

Ndiyo maana nakusihi ulijue kwanza jina la kinachokuumiza, ndipo tuzungumze lishe. Tumbo ni moja, maradhi yake ni mengi, na hayatibiwi kwa njia moja. Chukua vidonda vya tumbo. Kwa miaka mingi wagonjwa waliambiwa ni mawazo na pilipili, wakanyweshwa maziwa, wakaambiwa watulie. Kisha Barry Marshall na Robin Warren, madaktari wawili wa Australia, wakaonyesha kwamba chanzo kikubwa ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Watu hawakuwaamini. Mwaka 1984 Marshall aliwanywa bakteria hao yeye mwenyewe, tumbo lake likapata uvimbe, na mwaka 2005 wote wawili wakapewa Tuzo ya Nobel. Bakteria huyo hafukuzwi kwa mlo, hata uwe safi namna gani. Anatibiwa kwa antibayotiki zaidi ya moja pamoja na dawa ya kupunguza asidi, na dozi inamalizwa. Chanzo kingine kikubwa ni dawa za maumivu kama asprini na ibuprofeni, na wewe unazitumia kila mwezi. Mwambie daktari hilo usilisahau.

Ugonjwa wa Crohn na ule wa vidonda vya utumbo mpana nao ni habari nyingine. Hapo ukuta wa utumbo unawaka na kuvimba kweli, na mgonjwa anahitaji dawa za kuutuliza. Chakula kinamsaidia sana, lakini hakikai mahali pa dawa. Nimeona mtu akizitupa dawa zake kwa sababu alijisikia vizuri. Alijisikia vizuri kwa sababu ya dawa hizo.

Na zipo dalili ambazo hazisubiri barua ya dada: damu kwenye choo, au choo cheusi kama lami, uzito kushuka bila wewe kutaka, homa, upungufu wa damu, chakula kukwama kinaposhuka, kuhara kunakokuamsha usingizini. Lile gauni lako la bluu lilivyokuwa linakuning'inia mabegani mara ya mwisho tulipoonana, nililiona. Inawezekana ni wali na chumvi, inawezekana ni kitu kingine. Jambo hili usilipunguze mbele ya daktari. Sema umepungua kilo ngapi na kwa muda gani.

Ule unga wa kusafisha utumbo ulionitajia, uache. Utumbo unajisafisha wenyewe: ukuta wake wa ndani unajibadilisha wote kila baada ya siku chache. Nyingi za chai na unga wa aina hiyo zina sena, ambayo ni dawa ya kuharisha. Unaona unapungua tumbo, unadhani taka zimetoka, kumbe kingi ni maji ya mwili wako.

Sasa nikueleze yangu. Baada ya vipimo vyote niliambiwa nina IBS, kifupi cha Kiingereza cha "irritable bowel syndrome", yaani utumbo wenye kukereka upesi. Hapo utumbo ukipimwa hauna kidonda wala uvimbe, ila mishipa yake ya fahamu inahisi kupita kiasi na mwendo wake umeharibika. Kwa kigezo cha madaktari, ni maumivu ya tumbo ya angalau siku moja kwa wiki kwa miezi mitatu, yanayokwenda pamoja na mabadiliko ya choo. Wengine husikia "vipimo viko sawa" wakadhani wanaambiwa wanajisingizia. Mtaalamu wa lishe niliyepelekwa kwake hakunichukulia hivyo. Alinipa daftari, akanifundisha mlo wa FODMAP, uliobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash huko Melbourne.

Uelewe unavyofanya kazi, maana wewe umeanza kuufuata nusu bila kujua. FODMAP ni aina za sukari na wanga ambazo utumbo mwembamba haumalizi kuzifyonza. Zimo kwenye vitunguu, vitunguu saumu, ngano, maharagwe, maziwa na baadhi ya matunda. Zinavuta maji, zikifika utumbo mpana bakteria wanazichachua, gesi inatoka, utumbo unatanuka. Hilo linamtokea kila mtu. Tofauti ni kwamba mwenye utumbo wa kawaida hata hasikii, wewe na mimi tunajikunja.

Mlo wenyewe una hatua tatu. Unapunguza vyakula hivyo kwa wiki 2 hadi 6, basi. Kisha unavirudisha kimoja kimoja kwa vipimo. Kisha unabaki na mlo wako, mpana kadiri unavyoweza. Mdogo wangu, watu wanakwama kwenye hatua ya kwanza! Wanapata nafuu, wanaogopa kurudi nyuma, wanaishi humo miaka. Wanasahau kwamba vyakula hivyohivyo ndivyo vinavyowalisha bakteria wazuri wa utumbo. Ukiwanyima muda mrefu, hao nao wanapungua.

Kurudisha ndiko kulikoniponya, na nitakaa hapa kidogo. Ninalo daftari mbele yangu. Ukurasa wa kitunguu umeandikwa hivi: "Siku ya 1, kijiko kimoja cha kitunguu kilichopikwa, mchana. Hakuna kitu. Siku ya 2, robo ya kitunguu. Saa nne baadaye tumbo limejaa, limekaza kama ngoma, kifungo cha sketi nimekifungua. Siku ya 3, nimeacha." Kisha siku tatu za kupumzika, tumbo likatulia. Ukurasa unaofuata ni wa maziwa: nusu kikombe, salama; kikombe kizima, gesi. Wa mkate: vipande viwili, salama. Nilirudia kuusoma ukurasa ule wa mkate. Miezi yote ile nilikuwa nauadhibu mkate, na adui mkubwa alikuwa kitunguu na kitunguu saumu, vilivyokuwa kwenye kila mchuzi niliokula nao.

Na hata kitunguu hakikuondoka kabisa. Sukari ile yenye shida inayeyuka kwenye maji, kwenye mafuta haiyeyuki. Kwa hiyo nakaanga vipande vikubwa vya kitunguu saumu kwenye mafuta matupu mpaka vinukie, navitoa vyote, ndipo naanza kupika. Harufu inabaki, tumbo halijui. Majani mabichi ya kitunguu cha majani nayo hayana shida. Maharagwe nayaloweka usiku, namwaga maji, nayachemsha kwa maji mapya, nakula robo kikombe. Nimerudi mezani na wenzangu.

Daftari lilinifundisha na jambo ambalo sikulitafuta. Mtaalamu aliniambia niandike pia saa niliyolala, siku za hedhi, na kama kuna lililonikwaza. Baada ya wiki tano nikaona chakula kilekile, kipimo kilekile, kimekaa salama Jumamosi na kimenilaza Jumatatu. Nikapekua nyuma. Jumatatu zote mbaya zilikuwa na usingizi wa saa nne au tano, na chakula nilichokula nimesimama, roho juu, nikiwahi kikao.

Hili wala si geni. Mwaka 1822 kijana mmoja, Alexis St. Martin, alipigwa risasi tumboni huko Marekani. Akapona, lakini tundu la kuingia tumboni halikufunga. Daktari wake, William Beaumont, alitumia tundu lile kulitazama tumbo likifanya kazi kwa miaka kadhaa, na akaona kwamba kijana yule akikasirika, usagaji wa chakula unavurugika. Ukuta wa utumbo una mishipa ya fahamu yake yenyewe, zaidi ya seli milioni 100, inayosemezana na ubongo saa zote. Mtu akikwambia "ni mawazo tu", usikasirike na usikubali. Mawazo yanafika tumboni kwa njia ya mwili kabisa, na kutuliza akili ni tiba kama tiba nyingine. Huko Manchester, Uingereza, tangu miaka ya 1980 wamewatibu wagonjwa wa IBS kwa tiba ya kuongoza fikra (hypnotherapy) inayolenga utumbo, na wengi wamepata nafuu.

Mimi nilianza na kidogo. Kabla ya kula nakaa chini, simu iko chumba kingine, navuta pumzi taratibu na kuitoa kwa muda mrefu zaidi ya nilivyoivuta, mara kumi. Sidokoi dokoi kati ya milo, kwa sababu tumbo likiwa tupu linajifagia lenyewe kwa wimbi linalopita kila baada ya dakika 90 hadi 120, na kila ukitia kitu mdomoni wimbi hilo linakatika. Asubuhi naamka nusu saa mapema, nakunywa kitu cha moto, nakula, nasubiri, maana utumbo mpana unaamka baada ya chakula cha asubuhi. Chooni nimeweka kigoda kidogo chini ya miguu ili magoti yapande juu ya nyonga. Jaribu kigoda wiki moja tu. Baada ya chakula cha jioni natembea. Kiungulia kikinijia nalala ubavu wa kushoto.

Nyuzinyuzi nazo usizivamie. Ulisema ulikula pumba za ngano ukazidi kuvimba. Na mimi ilikuwa hivyo. Pumba huwazidishia wengi wenye IBS. Zile laini zinazovimba kwenye maji, kama za oti (oats) au maganda ya mbegu za isabgoli (psyllium), zinavumilika zaidi. Anza na kijiko kimoja cha chai, maji mengi, ongeza baada ya siku kadhaa.

Haya yote usiyafanye peke yako, na usiyafanye wiki hii. Wiki hii nakuomba mambo mawili. Rudisha mayai leo. Hayana hata chembe ya sukari zile, hujawahi kuwa na mzio nayo, na mwili wako unahitaji protini. Uliyaacha siku uliyougua baada ya kuyala, lakini siku ile ulikuwa umelala kwa muda wa saa tatu tu, na umegombana na bosi wako. Nakumbuka, ulinipigia.

La pili, mkate, asubuhi na jioni, mpaka damu itolewe. Ukikuuma, andika saa na ulivyojisikia. Alhamisi nitakupitia saa moja asubuhi, tutaingia kwa daktari wote wawili, na daftari lako nimeshalinunua.

Dada yako