Mjukuu wangu wa miaka 5 anawasahihisha

Mhariri,

Nawasoma miaka 11 sasa na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja, lakini ile makala yenu ya vitabu vya dinosaria kwa watoto wa chekechea imenishinda kumeza. Eti picha zikikosewa kidogo si neno, mtoto mdogo hajui tofauti, cha muhimu avutiwe na kusoma. Hajui tofauti nani? Huyo mwandishi wenu ana mtoto nyumbani kweli?

Mimi nina mjukuu wa miaka 5. Kamba za viatu bado hawezi kufunga ila jina la dinosaria Parasaurolophus analitamka bila kujikwaa, mimi mpaka nivute pumzi kwanza. Juzi nikamletea kitabu kipya, jalada gumu, herufi kubwa za mtoto anayeanza kusoma, nikajiona babu wa maana. Kufika ukurasa wa nne kuna yule mnyama mwenye tanga mgongoni, chini wameandika Dimetrodon, dinosaria mkali. Mtoto akaweka kidole, "Babu, huyu sio dinosaria." Nikamwambia kitabu kimeandikwa na watu waliosoma. Akasema sio. Nikakaza, naye akakaza, mwisho nikamwambia muda wa kulala umefika, maana sisi watu wazima tukiishiwa hoja ndio tunakimbilia hapo. Usiku nikaingia mtandaoni kimya kimya nikakuta mtoto yuko sahihi kabisa, Dimetrodon alishatoweka mamilioni ya miaka kabla dinosaria wa kwanza hajatokea na kiukoo yuko karibu na sisi mamalia kuliko na hao dinosaria!! Nikakifungua tena kile kitabu kwa hasira, kumbe nilikuwa sijaona kitu. T. rex, yule dinosaria mkubwa mla nyama, anamkimbiza dinosaria mwenzake Stegosaurus, wakati Stegosaurus aliishi kama miaka milioni 150 iliyopita na T. rex kaja mwishoni kabisa, milioni 68 hadi 66, yaani kwa miaka T. rex yuko karibu na mimi na wewe mhariri kuliko na huyo anayemkimbiza. Velociraptor wamemchora uchi, mrefu kama mtu mzima, mwenyewe alikuwa saizi ya bata mzinga na ana manyoya, na habari za dinosaria wenye manyoya zimeanza kutoka China tangu 1996 sio jana. Pteranodon naye wamemtia humo humo, dinosaria anayeruka. Anayeruka sawa, dinosaria hapana.

Asubuhi nikaomba msamaha. Hakunicheka, na ndio iliniuma zaidi. Ila tangu siku ile kila kitabu nikishika ananiuliza, hiki ni cha kweli au kama kile? Kitabu cha kupiga mswaki kakikataa siku mbili, anasema labda nacho kimekosea. Sasa mniambie nani atakuja kumpigisha mswaki, mwandishi wenu?

Na msiniambie habari ya kurahisisha. Kuandika "huyu aliishi kabla ya dinosaria" ni maneno matano tu, mtoto anayeunganisha silabi anayasoma.

Halafu nikiwa hapo hapo, hivi vitabu vyenye kitufe cha kunguruma ni nani alivibuni? Hakuna binadamu aliyewahi kumsikia dinosaria, ila kila kitabu kinanguruma kama simba mwenye mafua, saa kumi na mbili asubuhi, na hakuna pa kuzima. Tena ndani kuna betri ndogo ya duara ambayo mtoto akiimeza inaweza kumchoma koo kwa masaa machache tu, na kifuniko cha chetu kimefunguka kwa kucha. Nilikichukua nikakiweka juu ya kabati, bado kinanguruma mlango ukifungwa kwa nguvu.

Dawa ni rahisi. Wachapishaji kabla ya kupeleka kitabu mtamboni wamuite mtoto mmoja wa miaka 5, wamkalishe kwenye kiti cha mkurugenzi, wampe kalamu nyekundu na karatasi ya stika ndio mshahara wake, na mkurugenzi asitoke chumbani mpaka mtoto aseme sawa. Wa kwangu ana nafasi siku zote isipokuwa mchana baada ya kula, hapo analala. Na hicho kitufe kipigwe misumari minne.

Babu mwenye kitabu juu ya kabati